Kiwiko cha Mtaro wa Saba

Lango la maji la kinamasi cha Juodbala tulilifunga sisi wenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, bila karatasi ya mtu yeyote. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu siku hizi wapo wanaopita wakisema ni kazi ya serikali. Serikali! Miaka mitatu niliandika barua makao makuu, Vilnius. Nilichora ramani kwa mkono wangu, mitaro yote kumi na miwili, nikaonyesha maji yatakapokaa na vifaru vya adui vitakapozama. Nilijibiwa mara mbili. Mara ya kwanza walinishukuru kwa uzalendo wangu. Mara ya pili walinishukuru tena, wakakosea jina langu.

Kutoka kwetu mpaka mpakani ni kilomita kumi na moja. Ng'ambo wanafanya mazoezi ya kivita kila msimu, na kila msimu mazoezi yanachelewa kwisha. Upepo wa mashariki ukivuma, vioo vya madirisha vinatetemeka. Hatuhitaji televisheni ituambie.

Mimi si msomi. Nilimaliza darasa la nane nikapanda katapila, mengine nimejisomea peke yangu. Lakini kumbukumbu ninayo, na hilo ndilo linalowaudhi. Nakumbuka mwaka wa tisini na tatu, askari wa mwisho wa Urusi walipoondoka, watu wakacheza barabarani, nami nikapanda juu ya pipa mbele ya duka nikasema: watarudi. Wakacheka. "Rapolas anawaona hata chini ya kitanda chake!" Nakumbuka kambi ya wilaya ilipouzwa ikawa ghala la vigae. Nakumbuka waheshimiwa waliosema hela ya jeshi ni hela iliyotupwa kisimani. Kisha ghafla, upepo ulipogeuka, hao hao wakaanza kushindana: mmoja anataka asilimia tatu ya pato la nchi iende kwenye ulinzi, mwenzake tano, mwingine sita. Walipofunga shule yetu walisema hela hakuna. Walipofunga zahanati walisema hela imekwenda kwenye ulinzi. Tukauliza, huo ulinzi uko wapi? Wakasema umeagizwa, utafika mwaka elfu mbili na thelathini. Adui naye, nadhani, ameandikiwa barua ya kuombwa asubiri.

Ndiyo maana nikasema basi. Kifaru kinaogopa vitu viwili tu, kifaru mwenzake na tope. Vifaru hatuna, ila tope Mungu ametupa la kutosha.

Kinamasi cha Juodbala mimi ndiye niliyekikausha. Hilo nalo lisemwe. Mwaka wa sabini na nne nilikuwa na miaka ishirini na mitano, dereva wa katapila wa shamba la pamoja, na amri ikashuka kutoka juu kwamba kinamasi kikaushwe kioteshwe majani ya ng'ombe. Nyumba zilizotawanyika pembezoni, kila moja na kisima chake na miti yake, zikavunjwa, watu wakahamishiwa kijijini kwenye vinyumba vya matofali meupe. Nyumba ya babu yangu niliibomoa mimi. Mwaloni uliokuwa mlangoni niliusukuma shimoni mimi. Shangazi yangu Petronela, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea, alisimama kando amekunja mikono.

Mitaro niliichimba ikanyooka kama uzi, isipokuwa mmoja, wa saba. Siku nilipofika ukingoni mwa lile shamba la zamani la babu, shangazi alinijia na mkate mweusi na chupa ya maziwa, akasimama mbele ya katapila.

"Pinda hapa," akasema.

"Nipinde kwa nini, shangazi? Mstari umeshapimwa."

"Kuna ndege ameatamia."

Nilishuka nikapekua nyasi. Sikuona ndege wala yai.

"Hatua kumi tu, Rapolas. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Nikapinda. Injinia alipokuja alinitukana mbele ya wenzangu, picha yangu ikaondolewa kwenye ubao wa wafanyakazi bora, na ule upindo watu wakaupa jina: kiwiko cha Rapolas. Nusu karne nimetaniwa kwa kiwiko kile. Harusini, msibani, baa. "Rapolas, ulikuwa umelewa nini siku ile?" Nami nilikuwa nacheka nao.

Basi, mwezi wa tisa tukaitana msaragambo, kama babu zetu walivyoitana kuvuna viazi. Walikuja watu thelathini na wawili, na matrekta manne. Kinamama walichemsha supu ya kabichi kwenye sufuria la jeshi la zamani. Tuliziba mitaro midogo kwa magogo na udongo, na kwenye lango kubwa, unakoingia mtaro mkuu, tukashusha mbao za mwaloni moja juu ya nyingine. Wa kumshawishi kwa shida alikuwa Vaclovas, jirani yangu, kwa sababu majani bora ya ng'ombe yalikuwa yake na ndiyo yangezama kwanza. Nilikwenda kwake mara tano. Mara ya tano nikamwambia: "Vaclovas, chagua. Majani au taifa." Mkewe akalia. Vaclovas akavaa buti zake za mpira, akaja kushika mbao pamoja nasi. Wiki iliyofuata ng'ombe wake kumi na wanne wakapakiwa kwenye lori.

Tulikuwa tumekubaliana mbao kumi na nne. Kwa kipimo hicho maji yangekomea kwenye safu ya miti myeupe iliyo kabla ya kiwiko, na nilimwambia hivyo kila mtu, shangazi pia. Lakini mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, na kule mpakani wakaanza mazoezi mapya, nilikwenda mwenyewe nikaongeza mbao mbili. Sikumuuliza mtu. Lini nimewahi kumuuliza mtu?

Jumapili iliyofuata nilikuwa namrudisha shangazi kutoka kwenye Misa. Ana miaka tisini na mmoja, shingo imeinama, lakini macho yake yanaona mbali kuliko yangu. Tulipopita pale miti myeupe akanishika mkono.

"Simamisha gari."

"Umejisikia vibaya?"

"Simamisha, nimekwambia."

Nikasimamisha. Maji yalikuwa yametanda meusi mpaka kwenye mizizi ya miti ile na kuipita. Aliteremsha kioo, akatazama muda mrefu.

"Kiwiko kiko wapi?"

"Kimezama tangu Jumatano."

"Ulisema maji yatakomea hapa."

"Niliongeza mbao mbili, shangazi. Kwa usalama."

"Usalama wa nani huo?" Akapandisha kioo, akakishusha tena. Mikono yake haikujua pa kukaa. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Baba yako yuko pale."

Nilidhani akili imemruka. Baba yangu, Feliksas, aliingia msituni mwaka wa arobaini na saba pamoja na wengine waliokataa kutawaliwa na Warusi, na aliuawa miezi mitatu baada ya mimi kuzaliwa. Mwezi uliofuata mama alichukuliwa akapelekwa Siberia, asirudi. Mimi nilifichwa nyuma ya jiko la bibi. Hayo kila mtu anayajua. Na kila mtu anajua kwamba miili ya akina baba ilitupwa kwenye kisima cha zamani mjini. Pana jiwe pale lenye majina yao. Kila Siku ya Marehemu Wote, miaka thelathini na zaidi, nimewasha mshumaa kando ya kisima kile, na shangazi amesimama karibu yangu akinishikia kiberiti.

"Kisimani yuko nani basi?" nikamuuliza.

"Wenzake."

Akanieleza, pale pale ndani ya gari, injini inaunguruma. Mwezi wa pili, mwaka wa arobaini na tisa, walilazwa maiti watatu kwenye uwanja mbele ya kanisa, juu ya theluji. Askari walisimama karibu na duka la dawa wakivuta sigara, wakitazama nani atalia. Aliyelia alijulikana ni ndugu, na ndugu walikwenda Siberia.

"Bibi yako alipita na kikapu cha mayai. Hakugeuza shingo. Mimi nilikuwa nyuma yake, nina miaka kumi na mitano. Niliona mguu. Mmoja ulikuwa mtupu, mmoja una soksi ya kijivu. Soksi ile niliifuma mimi. Nikayatazama mayai kikapuni, Rapolas. Nikayatazama hayo mayai mpaka tukafika kwenye kona."

"Halafu?"

"Halafu babu yako akampa mlinzi chupa mbili na paja la nguruwe. Wenzake wakatupwa kisimani, yeye tukapewa. Nilimleta mimi, mchana kweupe, kwenye tela la kuteleza, chini ya kuni. Nani atamshuku msichana mwenye kuni? Wawili walinisimamisha. Mmoja akaniambia nina mashavu mazuri. Tukamzika ukingoni mwa kinamasi, hatua sabini kutoka kwenye mwaloni. Na babu yako akaniwekea mkono juu ya picha ya Bikira, nikaapa sitamwambia mtu mpaka hao watakapoondoka wasirudi tena."

Mimi hasira yangu huwa ya karibu, wanaonijua wanajua. Ikapanda.

"Waliondoka mwaka wa tisini na tatu, shangazi! Miaka thelathini na miwili! Wenzetu wamefukuliwa, wamezikwa kwa bendera na mizinga! Mimi nawasha mshumaa kwenye kisima kisicho na baba, na wewe unanishikia kiberiti! Ulikuwa unangoja nini?"

"Wasirudi tena, ndivyo nilivyoapa." Alinigeukia. "Siku waliyoondoka nilikuja mpaka dukani kukuambia. Nilikuwa nimevaa kitambaa cha sikukuu. Nikakukuta umepanda juu ya pipa, unasema watarudi."

Nikazima injini.

"Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikarudi nyumbani. Na kila mwaka ulikuwa unasema, watarudi, watarudi. Nikawaza, nikisema yuko wapi, watamfukua tena wamlaze uwanjani. Akae huko huko, kumekauka, kumetulia. Kijiji kizima kilikuona mwehu, mwanangu. Mimi nilikuamini."

Upepo ulikuwa unasukuma viwimbi vidogo juu ya kiwiko changu.

"Kwa nini umeniambia leo?"

"Kwa sababu sina mwaka mwingine. Na kwa sababu mtu hawezi kulala chini ya maji kama chura. Mtoe, Rapolas. Mlaze makaburini kando ya bibi yako. Mimi unilaze upande wa pili. Sina ninalotaka zaidi ya hilo."

Najua udongo ule. Nimetoa humo mizizi ya miaka elfu, bado ina rangi yake. Tope la Juodbala haliozeshi kitu. Baba yangu yuko pale na miaka yake ishirini na sita, na soksi moja, na mimi mwanawe nina sabini na sita na magoti mabovu. Na katapila yangu ilipita hatua kumi tu kutoka kichwani pake, nikipiga mluzi.

Asubuhi ya Jumatatu nilichukua mtaimbo nikaenda langoni. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: zile mbili za nyongeza peke yake hazitoshi, mvua imeshaloweka udongo wote; nikitoa mbao nane, maji yatashuka, kiwiko kitatokeza, nitaingia na koleo. Ubao wa kwanza ulitoka kwa shida. Wa pili ulitoka, na maji yakaruka kama ng'ombe aliyefunguliwa. Nilikuwa nachokonoa wa tatu niliposikia mtu nyuma yangu.

"We Rapolas! Umelewa asubuhi hii, au ni wazimu wa kawaida?"

Ni Vaclovas. Alikuwa anapita kila siku kutazama maji yaliyomeza majani yake, kama mtu anayetembelea kaburi.

"Ondoka, Vaclovas."

"Niondoke niende wapi? Malishoni? Malisho ni hayo hapo, labda niwachunge bata." Akasogea, akaona mbao mbili ukingoni. "Ebo. Wewe unafungua?"

"Nafungua."

"Wewe! Uliyekaa jikoni kwangu ukala soseji zangu, ukamhubiria mke wangu mpaka akalia! Majani au taifa, si ulisema? Nikakupa majani. Nimewauza hata ndama, Rapolas. Sasa haja ya taifa imekwisha?"

"Baba yangu yuko pale chini."

"Baba yako yuko kisimani."

"Yuko kwenye kiwiko. Petronela ndiye aliyemzika."

Vaclovas alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akakaa kwenye nyasi zenye maji.

"Kwa hiyo ndege hakuwepo," akasema.

"Hakuwepo."

"Na sisi tukacheka miaka yote hiyo." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Mimi siwezi kukukataza. Ni baba yako. Ila usiniombe nishike ubao hata mmoja, kwa sababu sitajua niwaambie nini nyumbani."

Tulikuwa bado hivyo, yeye amekaa, mimi nimeegemea mtaimbo, maji yanaunguruma, gari la jeshi lilipofika. Akashuka kijana wa kama miaka thelathini, mashavu yamebabuka kwa baridi, na askari wanne. Akajitambulisha kuwa ni Kapteni Mantvydas, na akauliza nani kati yetu ni mzee Rapolas.

"Ndiye mimi. Umekuja kunikamata kwa kufunga, au kwa kufungua?"

Hakucheka. Alinipa mkono. "Nimesoma barua zako, mzee. Zote."

"Zile zilizojibiwa mara mbili?"

"Hizo hizo. Ramani yako iko ukutani kwetu, kambini. Za serikali zimepitwa na wakati, hazina hata mitaro. Hatukuwa na nyingine."

Miaka thelathini na miwili nimengoja mtu mwenye sare aniambie maneno hayo. Nilikuwa nimeyaota, na kwenye ndoto nilikuwa na jibu kali sana la kumpa. Siku yalipokuja nilikuwa nimeshika mtaimbo mkononi.

Kapteni alitazama maji yaliyokuwa yanakimbia. "Mnapunguza?"

"Nataka kushusha maji. Pale kati, kwenye upindo. Nina haja ya pale."

"Haja gani, mzee?"

Vaclovas aliinua uso akanitazama. Alingoja niseme. Mimi ninayesema dukani, kanisani, kwenye foleni ya posta, mimi ambaye mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nitazikwa mdomo uko wazi. Nikafungua mdomo. Nikawaona wale askari wanne wamesimama karibu na gari, wanavuta sigara, wanatazama. Watoto wetu, bendera yetu begani. Lakini walikuwa wanavuta sigara na kutazama.

"Haja yangu," nikasema.

Kapteni alitikisa kichwa polepole. "Sina karatasi ya kukuzuia. Lango mlijenga wenyewe, na mpaka Vilnius waliandike kwenye daftari lao ni lenu. Nakwambia tu yalivyo. Maji haya yakiachiwa yatachukua wiki sita kushuka. Kabla hayajaisha ardhi itaganda, na ikiganda juu huku chini ni uji, hakuna koleo wala mashine itakayoingia. Utapata mwakani, mwezi wa sita. Kama kutakuwa na mwezi wa sita." Akaonyesha kwa kidole upande wa barabara. "Nina watu thelathini na wanne pale msituni. Nimewaweka wote upande wa barabara, kwa sababu upande huu una maji yenu. Sina wengine wa kuweka. Maji yakitoka, ubavu wao wa kushoto uko wazi mpaka mpakani."

"Hela zote zile," nikasema, "asilimia tano, asilimia sita, na una watu thelathini na wanne?"

"Na maji yenu," akasema.

Hapo ndipo nilipotaka kumtukana, si yeye, bali wale waliomtuma, wote kwa majina, tangu aliyeuza kambi ikawa ghala la vigae. Walipaswa kuweka chuma pale. Badala yake wamemweka Vaclovas na majani yake, na mimi na baba yangu. Lakini waliomtuma hawakuwapo, na maji yalikuwa yanakimbia.

Niliinama nikachukua ubao wa kwanza. Ulikuwa umelowa, mzito, ukaniponyoka. Vaclovas akainuka. Alikuwa amesema hatashika hata mmoja, akashika upande wa pili. Tukaurudisha, kisha na wa pili, tukaupiga kwa rungu mpaka mlio wa maji ukafifia, halafu ukakatika kabisa.

"Asante, mzee," akasema kapteni.

"Usinishukuru. Nimeshashukuriwa mara mbili."

Kumwambia shangazi kulinichukua siku tatu. Nilimkuta amekaa kitandani, kwenye mapaja ana kitambaa cha kitani, kile cheupe cha kufunikia jeneza, ameshakipiga pasi. Cha baba. Nilimweleza habari ya zile wiki sita, ya barafu, ya wale vijana wa msituni. Alisikiliza huku akikunja kona ya kitambaa, anaikunjua, anaikunja.

"Maji yana kina gani pale juu yake?"

"Yananifika kifuani."

"Basi hakuna atakayeweza kumfukua."

"Hakuna."

"Hata wao."

"Hata wao, shangazi."

"Wala sisi."

Akakikunja kile kitambaa mara nne, akanipa nikirudishe sandukuni. Kisha akasema nimpeleke akaone, Siku ya Marehemu.

Asubuhi ya siku hiyo tulikwenda kwanza mjini, nikawasha mshumaa kando ya kisima kama miaka yote, ili mtu asijiulize. Alinishikia kiberiti. Mchana nilimpandisha kwenye tela la trekta, nikamfunika blanketi mbili, akashika chungu cha maua meupe mapajani. Langoni pale walikuwapo askari saba au wanane wanapigilia nguzo za kufungia waya. Kapteni alikuwa nao. Walitusalimu wakaendelea na kazi.

Nilimshusha, tukasimama ukingoni. Kiwiko hakionekani, lakini mimi nakijua kama ninavyojua kiwiko cha mkono wangu. Nikamwonyesha kwa kidevu, si kwa kidole. Shangazi akatazama. Akaweka maua chini. Nikasikia sauti, nikadhani ni mlango wa gari usiotiwa mafuta. Ilikuwa yeye. Alikuwa analia, mdomo wazi, kwa sauti ya msichana, anaita, "Feliksas! Wee Feliksas! Kaka yangu!" Miaka sabini na sita ilikuwa imekaa ndani ya kifua kile kidogo.

Nyundo zikanyamaza. Askari wote wakageuka kututazama.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshika mkono nikamnong'oneza: "Nyamaza, shangazi. Askari wanatazama."

Ilinitoka kabla sijajua. Sijui ilikuwa imekaa wapi ndani yangu. Labda niliinyonya nyuma ya lile jiko.

"Waache watazame," akasema huku analia. "Hawa si wetu?"

"Ni wetu leo."

Akanitazama. Mtu mmoja tu duniani amewahi kuniamini kila neno nililosema, na ni yeye. Nikamwona anayameza machozi, moja moja, kama mtu anayemeza vidonge. Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. Akanyamaza. Haikuchukua muda, alikuwa ameshajifunza zamani.

Kapteni akaja ameshika kofia. "Mzee, mama analia nini? Kuna mtu pale?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni upepo. Macho ya uzee."

Alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akarudi kwenye nguzo zake. Nyundo zikaanza tena.

Shangazi Petronela alifariki mwezi wa kwanza, Juodbala imeganda nyeupe. Nilimzika kando ya mama yake, na kati yao nikaacha nafasi ya mtu mmoja. Mchimba kaburi aliniuliza ya nani, nikamwambia ni yangu. Vaclovas alikuwepo. Siku hizi akipita langoni hageuzi shingo kutazama kule, anatembea macho mbele kama aliyebeba mayai.

Hawajaja bado. Vioo vinaendelea kutetemeka. Wanaonicheka wamepungua, na siku hizi nasikia kuna tume inakuja kutoka Vilnius kupiga picha maji yetu. Nami nimeandika haya kwa sababu mtu mmoja lazima aandike ulinzi huu umejengwa kwa vitu gani. Lakini ewe unayesoma, na hasa wewe wa ng'ambo unayesoma, usihangaike kutafuta ramani. Kinamasi hakiitwi Juodbala. Na mtaro wenyewe si wa saba.